Shule ya Dini Inapotaka Kupanuka Mtaani: Mwongozo Kamili kwa Majirani Wenye Pingamizi

Tangazo limebandikwa getini. Shule inaomba kibali cha kuongeza jengo la ghorofa tatu na ukumbi wa ibada, na idadi ya wanafunzi ipande kutoka 300 hadi 550. Maoni ya wananchi yanapokelewa kwa siku kumi na nne tu. Majirani wameshaanza kupigiana simu usiku, na kundi la WhatsApp limechemka. Kabla hujaandika neno hata moja kwenye kundi hilo, piga picha ya tangazo zima, pamoja na namba ya maombi na jina la idara, kisha tia tarehe ya mwisho kwenye kalenda yako. Pingamizi lenye hoja nzito likifika siku moja baada ya muda kwisha, karani atalipokea kwa heshima na kuliweka pembeni, na hakuna wa kumlaumu.

Mwongozo huu ni wa jirani anayeona upanuzi utamuumiza na anataka kusikilizwa. Naamini mambo mawili kwa uzito uleule: aliyenunua au kupanga nyumba kwenye mtaa wa makazi ana haki ya kulala, kutoka na gari lake asubuhi na kutoingiliwa na maji ya mvua, na mzazi ana haki ya kumsomesha mtoto wake kwa misingi ya imani yake. Pingamizi linalosahau haki hiyo ya pili huwa dhaifu, hata pale majirani wanapokuwa na haki.

Hatua ya kwanza: soma faili kabla ya kusema

Nenda ofisi ya mipango miji na uombe kuona faili la maombi. Mahali pengi ni haki ya mwananchi yeyote, hata kama utalipia nakala. Unachotafuta ni barua ya maombi, michoro ya kiwanja, ripoti ya magari, tathmini ya athari kwa mazingira kama ipo, na kitu ambacho wengi hukisahau: kibali cha zamani, kile ambacho shule imekuwa ikiendeshwa nacho miaka yote.

Kibali cha zamani ni hazina. Mara nyingi kina masharti ambayo hakuna anayeyakumbuka: ukomo wa wanafunzi, saa za kazi, katazo la vipaza sauti vya nje, idadi ya hafla kwa mwaka. Castilleja, shule binafsi ya wasichana mjini Palo Alto, California, si ya dini, lakini kisa chake kinafundisha. Kibali chake kilikuwa na ukomo wa wanafunzi 415. Mwaka 2013 ikabainika kuwa inao 448, na mji ukaitoza faini ya dola 265,000. Baadaye shule ilipoomba kupanuka, majirani hawakuwa na haja ya kubashiri kama masharti mapya yangefuatwa. Walikuwa na karatasi mkononi.

Ripoti ya magari isome na kalamu. Magari yalihesabiwa tarehe gani? Shule zilikuwa zimefunguliwa? Walihesabu asubuhi tu, au na mchana wakati wa kuchukua watoto? Idadi ya wanafunzi iliyotumika kwenye hesabu ni ileile iliyo kwenye barua ya maombi? Hafla za jioni na ibada za mwisho wa wiki zimetajwa? Niliwahi kusoma ripoti ambayo magari yake yalihesabiwa wiki ya mitihani, wakati nusu ya madarasa hayakuwa na wanafunzi. Hakuna aliyedanganya, ila hesabu haikufaa, na kugundua hilo kulichukua dakika tano za kulinganisha tarehe mbili.

Hatua ya pili: chujeni hoja zenu

Kusanyikeni majirani watano au sita na kila mmoja aandike linalomkera. Kisha kila lililoandikwa lipitie swali moja: jengo lingekuwa hilihili, watu hawahawa kwa idadi, saa hizihizi, lakini ni chuo cha lugha au ofisi, bado tungepinga? Jibu likiwa ndiyo, hoja inabaki. Likiwa hapana, iondoeni. Msiitafutie maneno laini ya kuificha, kwa sababu itajulikana.

Nasema hivi kwa uchungu kwa kuwa nimeshuhudia. Katika kikao kimoja, mzee mmoja alisimama na daftari lake na kueleza, gari kwa gari, jinsi foleni ya shule ilivyozuia gari la wagonjwa lililokuwa likija kwa mkewe. Ukumbi mzima ulinyamaza. Aliyemfuatia akachukua kipaza sauti na kusema, “Tatizo ni kwamba hawa watu wakishapewa jengo, mtaa mzima utakuwa wao.” Wakili wa shule, ambaye muda wote alikuwa ameinamia karatasi zake, akainua kichwa, akamtazama msemaji, akaandika mstari mmoja. Kuanzia hapo hakuna aliyezungumzia tena gari la wagonjwa. Hoja ya mzee ilizikwa na jirani yake mwenyewe.

Hili si suala la adabu tu, lina uzito kisheria. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ibara ya 18, unalinda uhuru wa dini, na unazitaka nchi ziheshimu uhuru wa wazazi kuwapa watoto wao elimu ya dini na maadili inayolingana na imani yao. Ibara hiyohiyo inaruhusu uhuru wa kudhihirisha dini kuwekewa mipaka, mradi iwe imewekwa na sheria na iwe ya lazima kwa ajili ya usalama, utulivu, afya au maadili ya umma, au haki za watu wengine. Foleni inayoziba njia ya zimamoto inaingia humo. Kutopenda mavazi ya wanafunzi hakuingii.

Marekani wameenda mbali zaidi. Sheria yao ya shirikisho ya mwaka 2000, inayojulikana kwa kifupi kama RLUIPA, inaikataza mamlaka kutumia kanuni za ardhi kuubebesha utekelezaji wa dini mzigo mzito, isipokuwa iwe na sababu kubwa sana na imetumia njia inayobana kidogo kuliko zote. Kesi ambayo kila jirani mwenye pingamizi angepaswa kuijua ni ya Westchester Day School, shule ya Kiyahudi katika kijiji cha Mamaroneck, jimbo la New York. Shule iliomba kuongeza jengo na kukarabati mengine. Mwanzoni bodi ya kijiji inayoamua vibali vya matumizi ya ardhi iliona mradi hauna madhara makubwa kwa mazingira, majirani wakaja juu, bodi ikageuka, na mwaka 2003 ikakataa maombi yote moja kwa moja. Shule ikaenda mahakamani. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ilithibitisha ushindi wake: sababu za bodi kuhusu magari na maegesho hazikuwa na ushahidi wa kutosha, na bodi ilikuwa imesikiliza kupita kiasi kikundi kidogo cha majirani wenye nguvu. Mahakama ilitazama pia kwamba bodi ilikataa kabisa badala ya kuidhinisha kwa masharti. Kesi ilimalizika kwa kijiji kukubali kuilipa shule dola milioni 4.75, na jengo likajengwa.

Fikiria maana yake kwa majirani wale. Walishinda kwenye bodi, wakaishia na jengo lote bila masharti waliyoweza kuyapata wangeyaomba mapema.

Lakini usisome kesi hiyo ukadhani shule ya dini haishindwi. Mwaka 2017 mahakama nyingine ya rufaa ya nchi hiyohiyo iliiunga mkono mamlaka ya Genoa, Michigan, iliyokuwa imeinyima shule ya Kikristo kibali cha kuhamia kwenye eneo la kanisa, na magari yalikuwa hoja kubwa katika mgogoro ule. Mahakama iliona shule haikubebeshwa mzigo mzito kwa kuwa ilikuwa na mahali pengine pa kuendeshea masomo.

Hatua ya tatu: hesabu wenyewe

Hapa ndipo pingamizi linapopata mifupa, na hapa ndipo nawaomba mtumie nguvu nyingi kuliko hatua nyingine zote. Afisa wa mipango miji amesikia “foleni itakuwa kubwa” mara elfu. Majedwali yenye tarehe, saa na majina ya waliohesabu huyaona mara chache.

Chagueni siku tatu za kawaida katikati ya wiki, shule zikiwa wazi, na mvua isinyeshe hata siku moja kati ya hizo. Wawili wawili, mmoja karibu na geti, mwingine kwenye njia panda. Daftari ligawanywe kwa vipindi vya dakika kumi na tano. Andikeni magari yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyosimama barabarani, na urefu wa foleni kila baada ya dakika tano. Urefu mnaupima kwa alama za kudumu: nguzo ya umeme, ukuta wa nyumba namba fulani. Kila gari kwenye foleni linakula mita sita hadi saba, kwa hiyo magari arobaini ni kama mita 260. Chukueni ramani mwone mita 260 kutoka getini zinafika wapi. Zikifika barabara kuu, mna hoja ya usalama.

Mchana msiupuuze. Asubuhi mzazi anamshusha mtoto na kuondoka. Mchana anawahi, anazima injini na kusubiri kengele, ndiyo maana foleni ndefu kuliko zote mara nyingi ni ya mchana. Ripoti inayopima asubuhi tu inaiacha nje.

Mkishapata namba, gawanyeni kwa idadi ya wanafunzi wa sasa. Kwa mfano, wanafunzi 300 wakileta magari 180 asubuhi, ni gari 0.6 kwa mwanafunzi. Wakifika 550 bila mabadiliko yoyote ni magari 330. Andikeni wazi kuwa ni makadirio na mwonyeshe njia ya hesabu, ili yeyote aweze kuirudia. Watu wasio na cha kuficha huonyesha hesabu zao.

Maji ya mvua hayazungumzwi sana ingawa yanaeleweka haraka. Paa jipya la mita za mraba 1,000 likipata mvua ya milimita 20 linamwaga lita 20,000 za maji ambayo awali yalikuwa yakizama ardhini. Yataenda wapi? Tafuteni kwenye michoro mtaro au shimo la kuyapokea. Kama halipo, pigeni picha za mtaa baada ya mvua ya sasa, zikiwa na tarehe.

Kelele nazo zinapimika. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 1999, liliweka wastani wa desibeli 55 mchana kwenye maeneo ya nje ya makazi kama kiwango ambacho kikivukwa kero huwa kubwa. Programu ya simu si kipimo cha mahakamani, lakini inatosha kuonyesha kwamba mnastahili kipimo cha mtaalamu. Na muwe waungwana: sauti ya watoto wakicheza wakati wa mapumziko ni sauti ya shule, na aliyehamia karibu na shule aliikuta. Elekezeni hoja kwenye mambo yanayoweza kubadilishwa, kama spika za nje, kengele ya umeme, jenereta na ukumbi wa usiku.

Ongezeni na haya kwa ufupi: upana wa njia ya zimamoto, uwezo wa bomba la majitaka, madirisha ya ghorofani yanayotazama vyumba vya watu, na taa za uwanjani.

Hatua ya nne: kaeni na shule

Wengi huiruka kwa hasira. Ombeni kikao na uongozi kabla ya siku ya kusikiliza maoni, nendeni wawili au watatu, mkiwa na jedwali lenu. Mweleze kwanza mnachokubali, na mkiseme kwa moyo. Kisha onyesheni namba. Nimeona mkuu wa shule akishtuka kwelikweli, kwa sababu yeye hufika saa kumi na mbili asubuhi na kuondoka jioni na hajawahi kukaa kwenye foleni ya geti lake mwenyewe. Baada ya kikao andikeni barua fupi ya yaliyozungumzwa na muitume kwao siku hiyohiyo. Wakikubali jambo, barua ni ushahidi. Wakikataa kukutana, ombi lenu la maandishi nalo linaingia kwenye faili.

Hatua ya tano: andikeni masharti mnayoyataka

Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Bodi ya mipango haipendi kuchagua kati ya kukubali na kukataa. Mkiipa karatasi yenye masharti yaliyoandikwa vizuri, mnaifanyia kazi yake, na mara nyingi maneno yenu yataingia kwenye kibali neno kwa neno.

Sharti zuri lina namba, muda na matokeo. “Shule ijitahidi kupunguza magari” halina hata kimoja. Linganisha na hili: “Magari yanayoingia kati ya saa 1:00 na saa 2:30 asubuhi yasizidi 200, yahesabiwe na mtaalamu wa kujitegemea mara mbili kwa mwaka kwa gharama ya shule, yakizidi mara mbili mfululizo, shule isiongeze wanafunzi mwaka unaofuata.” Shule ina sababu ya kulifuata, na jirani ana namna ya kujua limevunjwa. Palo Alto walielekea huko mwaka 2022 walipoiruhusu Castilleja kuongeza wanafunzi: ongezeko lilifungwa na ukomo wa safari za magari.

Mambo ya kufikiria mnapoandika: ukomo wa wanafunzi na wafanyakazi pamoja, kuongeza wanafunzi kwa awamu, mabasi ya shule, muda wa kuingia unaotofautiana kwa madarasa, eneo la kushushia watoto ndani ya kiwanja, idadi ya hafla za usiku kwa mwaka na saa ya mwisho, ukumbi usikodishwe kwa watu wa nje, saa za ujenzi na njia ya malori, urefu wa jengo upande wa nyumba za watu, na mtu mmoja mwenye namba ya simu anayepokea malalamiko.

Katika orodha hiyo ningepigania zaidi kukodisha ukumbi. Masomo yana mwisho wa siku na likizo, na ibada ya wanafunzi ni sehemu ya shule. Ukumbi unaokodishwa kila Jumamosi kwa sherehe za wageni hauna mwisho, na biashara hiyo haina uhusiano wa lazima na mafundisho ya dini. Ndiyo maana ni sharti ambalo hata shule yenyewe hupata taabu kulikataa hadharani.

Hatua ya sita: barua na saini

Barua iwe ya kurasa mbili, viambatisho ndivyo virefu. Anzeni na namba ya maombi, mseme mnaishi umbali gani kutoka shuleni, mtaje kanuni ya matumizi ya ardhi mnayoitegemea, kisha hoja kwa mpangilio wa uzito, mwisho masharti. Barua kumi tofauti, kila moja ikieleza jambo la nyumba ile, zina nguvu kuliko saini 200 chini ya maneno yaleyale. Pelekeni kwa mkono na mpate nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Na lile kundi la WhatsApp: chukulieni kwamba kila ujumbe utasomwa kwa sauti mbele ya hakimu. Mtu akiandika matusi juu ya dini, mjibuni palepale kwa maandishi kwamba si msimamo wa majirani. Ukimya wenu utahesabiwa kuwa mmekubali.

Hatua ya saba: siku ya kikao

Mara nyingi mtapewa dakika tatu kila mtu. Gawaneni mada: mmoja magari, mmoja maji, mmoja kelele, mmoja masharti. Jizoezeni na saa. Kama kuna majirani wa imani ileile ya shule, au wazazi wa wanafunzi wake, wanaokerwa na foleni kama ninyi, waombeni wazungumze mapema. Hao huonyesha kuliko maneno yoyote kwamba mjadala ni wa barabara. Msipige makofi, msizomee. Watoto wa shule wakiletwa ukumbini, wasalimieni. Hawajawakosea chochote.

Msemaji wa mwisho aombe jambo moja mahsusi: maombi yarudishwe yafanyiwe ripoti mpya ya magari, au yaidhinishwe kwa masharti yaliyoambatanishwa. Kuomba yakataliwe kabisa ni haki yenu pia, pale ambapo ushahidi unaonyesha hakuna sharti linaloweza kuondoa hatari. Ila uwe ushahidi kweli.

Baada ya uamuzi

Ombeni uamuzi kwa maandishi pamoja na sababu zake, na muulize siku hiyohiyo muda wa rufaa. Mara nyingi ni mfupi, na huweza kuanza kuhesabiwa kabla barua haijawafikia. Wakili mwenye uzoefu wa ardhi mwoneni mapema, hata kwa saa moja ya ushauri. Kwenye rufaa nyingi huruhusiwi kuleta ushahidi mpya; kinachosomwa ni faili, na ndiyo sababu tumelishughulikia hivyo tangu siku ya kwanza.

Kibali kikitoka na masharti, gawieni kila nyumba nakala. Wiki ya nne baada ya jengo kufunguliwa, kabla watu hawajazoea kero mpya, rudini pale karibu na geti na daftari lilelile, vipindi vilevile vya dakika kumi na tano, na mpeleke jedwali kwa mkuu wa shule kwanza, kisha kwa afisa wa mipango miji.